Ngwini na Taa wa Kilindini

Kazi ya nyumbani, gredi ya sita, Mwalimu Mwachiti:
"Linganisha viumbe wawili wasiojuana."
Barke wangu akamchagua ngwini kaisari
na taa wa kilindini.
Si Kilindini ya meli na makontena,
bali kilindi chenyewe, maili nzima ya maji kwenda chini,
ambako mchana haujawahi kutumwa hata siku moja.

"Baba, ndoo utizame. Taa huyu haangazi."
Nikacheka. Kiswahili kimetutega tena:
taa hii huning'inia darini, twailipia tokeni;
taa huyu hulala gizani, hadaiwi na mtu.

Tokeni zenyewe zikaisha saa mbili usiku.
Joto la Februari likaketi nasi mkekani.
Akaandika kwa mwanga wa simu yangu,
jasho la kidevu likidondokea barafu ya ngwini.

Ngwini ni ndege, haruki.
Taa ni samaki, na ukimwona anavyokwenda
utaapa anaruka: mbawa mbili pana, polepole,
kama mtu akunjuaye shuka asiamshe mtoto.
Ngwini husimama wima, kanzu nyeupe na joho jeusi,
bwana harusi aliyesahauliwa na wapambe.
Taa hajasimama tangu kuumbwa. Kavaa matope.

Mimi nafanya kazi Liwatoni, chumba cha barafu,
nyuzi kumi na nane chini ya sifuri,
buti za mpira na koti la zamu, tunapokezana.
Nikamwambia habari za ngwini nazijua
kwa vidole vya miguu.
"Najua," akasema. "Nimeshaandika."

"Baba ngwini huweka yai juu ya miguu yake,
hulifunika kwa tumbo miezi miwili, bila kula.
Mama ameenda baharini kutafuta.
Akirudi, hutambuana kwa sauti,
katikati ya maelfu wanaopiga kelele.

"Mama taa hutaga mkoba mweusi kama wa ngozi.
Una pembe nne, na ndani mna chakula cha miaka.
Huuacha chini ya bahari. Huenda zake.
Harudi."

Hapo kalamu ikasimama.
Nje, jenereta ya kinyozi ilikuwa ikikohoa.
"Baba, mama ni ngwini au ni taa?"

Saa ya Dammam na saa ya Mombasa ni moja.
Usiku ule nilitamani zitofautiane,
nipate la kusingizia: huko sasa watu wamelala.
Huu mwaka wa nne. Sauti yake tunayo simuni,
vipande vya sekunde arobaini, hamsini:
mmekula? ada imefika? Barke avae sweta.
Sweta! Majengo, mwezi wa pili.

Sikujibu. Niliinuka, nikapapasa juu ya kabati,
nikashusha kitu nilichokiokota mwezi uliopita
ndani ya kreti la samaki wa vilindini, wasio na soko:
mkoba wa yai la taa, mkavu, mgumu,
pembe zake zimejikunja kama kucha za bibi.
Barke akaupokea kwa mikono miwili.
Akaunusa, akakunja uso, akaupindua.
Upande mmoja ulikuwa na mwanya mwembamba, umefunguka.

"Aliyekuwemo ametoka," akasema.
Kisha, kama mtu anayehakiki hesabu:
"Basi chakula kilimtosha."

Mwalimu alimpa saba kwa kumi.
Kwa wino mwekundu: "Hitimisho liko wapi?"

Mkoba uko dirishani sasa, anatilia vifutio.
Nami zamu za usiku, kule barafuni,
wenzangu wananicheka ninavyosimama:
visigino vimeshikana, vidole vimeinuka kidogo,
na nikitaka kupiga hatua
kwanza natazama chini.